Ufasaha wa Kihispania hupimwa upande wa pili

Rafiki yangu wa Medellín, Kolombia, hunipigia simu mchana, na kila mara hutanguliza ujumbe kuuliza kama nina nafasi. Usiku ule simu iliita bila ujumbe. Nilipopokea akasema, "Se murió mi papá."

Baba yake amefariki.

Nikampa pole kwa maneno niliyokuwa nayo, akashukuru. Nilidhani ataaga ili awapigie wengine. Badala yake akaanza kunisimulia habari za mzee. "A mi papá le gusta," akaanza, halafu akanyamaza. Akarudia: "Le gustaba." Mzee alikuwa akipenda kuamka kabla ya watu wote na kuwasha redio jikoni, sauti ya chini, asiwaamshe wengine. Kati ya gusta, anapenda, na gustaba, alikuwa akipenda, kuna silabi moja tu. Nilimsikia akiiongeza kwa baba yake, na kwa namna alivyovuta pumzi baada ya hapo nikajua kwamba na yeye ameisikia.

Kisha akasema, "Vos sabés cómo era él." Wewe unajua alivyokuwa.

Vos.

Tangu tufahamiane amekuwa akiniita tú.

Tuliongea mpaka sauti yake ikachoka. Wiki kadhaa baadaye neno lile lilikuwa bado linanirudia kichwani. Nimesoma Kihispania nikiwa mtu mzima, nimefanya mitihani, nimesifiwa na watu wengi, na swali la kama ninakijua kwa ufasaha nilishaliweka kando. Neno moja la rafiki aliyefiwa likalifungua upya.

## Tú ilikuwa kwa ajili yangu

Kihispania kina njia kadhaa za kumwita mtu "wewe". Kuna tú, kuna usted, na kuna vos, ambayo ndiyo lugha ya kila siku Argentina na Uruguay, sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, na pia Medellín na mkoa wake wa Antioquia. Kitenzi nacho hubadilika: tú sabes, vos sabés, tú eres, vos sos, ven acá, vení acá. Vitabu vingi vya wageni huanza na tú, na vos huja mwishoni kwa herufi ndogo, ikija. Lakini jedwali za vitenzi katika kamusi ya Real Academia Española, taasisi rasmi ya lugha ya Kihispania, huziandika zote mbili katika mstari mmoja, tú na vos bega kwa bega, bila kuipa mojawapo hadhi ya ziada.

Rafiki yangu alilelewa na vos. Alipokutana nami nikizungumza kwa tú, akaifuata tú yangu. Hakuniambia. Kwa miaka yote hiyo, kila sentensi aliyonielekezea aliigeuza kwanza: sabés ikawa sabes, querés ikawa quieres, mirá ikawa mira. Ni kazi ndogo, kuhamisha mkazo na wakati mwingine irabu. Ila aliifanya kila mara, katika kila mazungumzo, na hakuna mahali popote ilipoandikwa.

Sisi tunaojifunza ukubwani tunajua sana kuhesabu vya kwetu. Maneno mapya, nyakati za vitenzi, saa za masomo. Anachofanya mtu wa upande wa pili ili sisi tufanikiwe hakionekani, kwa sababu akikifanya vizuri, sisi tunakiona kama maendeleo yetu.

Na hapo ndipo sifa zinapoingia. "Hablas muy bien," wanasema, na wanasema kwa moyo safi. Lakini hakuna mtu wa Medellín anayemwambia jirani yake kwamba anaongea Kihispania kizuri. Sifa hiyo hupewa mgeni. Waliotutangulia walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nimefika mahali pa kuamini kwamba vos ya usiku ule ndiyo iliyokuwa jembe langu.

Au labda sivyo.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Pengine alinipa vos kwa kuwa ameniamini. Pengine alikuwa amechoka mno kunigeuzia vitenzi, na angemwambia vile vile yeyote ambaye angepokea simu. Nimejaribu kuchagua jibu moja na nimeshindwa. Baada ya muda nikaona kwamba yote mawili yanafika mahali pamoja: usiku ule hakuwa na nguvu za kunibeba, na mazungumzo yakasimama bila kubebwa.

## Mstari mmoja wa mwaka 2001

Nina cheti cha DELE cha kiwango cha B2, kile kinachotolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya serikali ya Hispania. Cheti hakina tarehe ya kuisha, na matokeo yake hayana daraja: umefaulu, apto, au hukufaulu. Ukiuchunguza mtihani wenyewe utakuta umegawanywa mafungu mawili yenye alama 50 kila moja, kusoma na kuandika upande mmoja, kusikiliza na kuongea upande mwingine, na lazima upate 30 katika kila fungu. Maana yake ni kwamba ukiwa mwongeaji hodari, kuongea kwako kunaweza kukuvusha hata pale masikio yako yalipokwama. Kwa sehemu ya kuongea unapewa dakika 20 za kujiandaa kabla ya kukaa mbele ya mtahini.

Siudharau mtihani huo. Ulinilazimisha kujifunza mambo ambayo kwa hiari yangu nisingeyagusa. Lakini kwenye simu ya msiba hakuna dakika 20, na kuongea hakuwezi kuficha kusikiliza.

Kilichonishangaza ni nilipokwenda kusoma upya maelezo ya kiwango chenyewe. Viwango hivi vya kupima ujuzi wa lugha, A1 mpaka C2, vilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Maelezo ya B2 yanasema kwamba mtu wa kiwango hicho anaweza kuzungumza na wazawa wa lugha kwa wepesi na bila kujiandaa kiasi kwamba mazungumzo ya kawaida yanawezekana bila taabu kwa upande wowote.

Kwa upande wowote.

Nilishausoma mstari huo zamani, na macho yangu yalisimama kwenye neno "wazawa". Sasa nimeona kwamba uzito wake uko mwishoni. Kipimo hakiko ndani ya kichwa cha mwanafunzi. Kiko kati ya watu wawili, na kinauliza nani anapata taabu. Mtu anaweza kujua maneno elfu kumi na bado akamchosha msikilizaji. Mwingine ana maneno machache, anajua kuuliza, anajua kusubiri, na unatoka kwenye mazungumzo naye ukiwa mwepesi.

Katika toleo la mwaka 2020 Baraza la Ulaya liliwaondoa wazawa kabisa kutoka kwenye vipimo hivyo. Sasa linasema wazungumzaji wa lugha inayohusika. Nilifurahi. Kwa lugha yenye wazawa karibu nusu bilioni, kuanzia Madrid na Havana mpaka Santiago, ni mzawa yupi hasa ambaye ningejipima naye? Mtu wa Guinea ya Ikweta aliyekua na Kifang nyumbani na Kihispania shuleni yuko fungu gani? Swali la nani amezaliwa nayo halikuwa likitusaidia. Swali la taabu linasaidia, kwa sababu unaweza kulijibu kwa kutazama uso wa mtu aliye mbele yako.

## Irabu zetu zinatutangulia

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili peke yetu, na sijaona likisemwa vya kutosha.

Kihispania na Kiswahili vina irabu tano zile zile, a, e, i, o, u, zinazotamkwa wazi na bila kuyumba. Mkazo katika Kihispania, kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho isipokuwa alama ikielekeza kwingine, na kwetu ndiyo desturi. Sifa hufuata nomino, casa grande, nyumba kubwa. Kitenzi hubeba mtenda ndani yake. Upatanisho haututishi, maana aliyekulia kwenye ngeli hawezi kuogopa jinsia mbili. Hata ile hali ya kitenzi inayowatoa jasho wengine, sisi tunaijua kwa mdomo kabla ya kuijua kwa jina: unasema, nataka useme, hablas, quiero que hables. Ni a kwenda e, pale pale mwishoni. Ndiyo, vitenzi vya kundi la comer hufanya kinyume, e kwenda a, na cuando llegues haifanani na "ukifika". Ila mlango wenyewe uko wazi.

Kwa hiyo matamshi yetu husikika safi mapema mno.

Hii ni baraka yenye masharti. Mtu akikusikia unatamka buenas tardes kwa irabu kamili na r iliyokaa vizuri, anakukadiria juu ya ulipo. Anaachia kasi yake yote. Anakata maneno, anaingiza misemo ya mtaani, anakuuliza ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", zikiwa zimechanganyika katika pumzi moja. Wakati mwanafunzi mwenye lafudhi nzito anapunguziwa mwendo bila kuomba, wewe unakimbizwa.

Kwa muda mrefu nililiona hilo kama tatizo. Sasa naliona kama njia ya mkato ambayo lugha yetu imetupa, mradi mtu awe na moyo wa kusema "repíteme eso, por favor", nirudie hilo tafadhali, huku lafudhi yake ikimshuhudia vingine. Kusema hivyo kunahitaji ujasiri kuliko inavyoonekana, kwa sababu unaivunja picha nzuri ambayo mtu ameshajenga juu yako.

## Kasi, na mahali pa kunyamaza

Watu wengi wakisema "fasaha" wanamaanisha haraka. Nami nilikuwa nikisikia hivyo.

Mwaka 2011 watafiti walipima kasi ya lugha kadhaa kwa kuwasomesha watu maandishi yenye maana moja. Kihispania kilitoka na silabi 7.82 kwa sekunde, Kiingereza 6.19. Kwa hiyo malalamiko ya wanafunzi kwamba Wahispania wanakimbia hayakuwa ndoto. Ila mwaka 2019 utafiti mpana zaidi, wa lugha 17, ulionyesha kwamba kiasi cha habari kinachopita kwa sekunde kinakaribiana sana kote, takriban biti 39. Silabi za Kihispania ni nyingi na kila moja imebeba kidogo. Anayezikimbiza hajakuzidi mawazo.

Hilo lilinituliza, lakini halikunijibu. Jibu nililipata kwa kusikiliza sauti zangu mwenyewe nilizorekodi, za zamani na za karibuni. Nilitarajia kusikia tofauti ya kasi. Tofauti niliyoisikia ilikuwa ya kimya.

Zamani nilikuwa nanyamaza katikati ya kifungu: quiero hablar con... el... jefe, nataka kuongea na... mkubwa. Kimya kilikaa kati ya kiungo na nomino yake, mahali ambapo msikilizaji hawezi kufanya lolote ila kusubiri, au kunimalizia. Sasa bado nanyamaza, na pengine kwa muda ule ule, lakini nanyamaza wazo likishatimia, kabla ya kuanza jingine. Watafiti wa ufasaha wamelieleza hili mara nyingi: wazawa nao hunyamaza sana, ila vimya vyao hukaa kwenye mipaka ya sentensi. Msikilizaji hupumzika pale mnapopumzika wote.

Kuna pia yale maneno madogo ya kushikilia zamu: pues, o sea, a ver, es que, bueno. Mwalimu wangu wa kwanza aliyaita uchafu. Mimi nayaita adabu. Utafiti mmoja wa mwaka 2009 uliochunguza lugha 10 ulikuta kwamba kati ya mtu kumaliza kusema na mwenzake kujibu hupita kwa wastani kama moja ya tano ya sekunde. Ndani ya nafasi hiyo mwanafunzi hawezi kupanga sentensi yenye kitenzi sahihi. Anaweza kusema "pues". Neno hilo linamwambia mwenzako kwamba umesikia, uko naye, jibu liko njiani. Wasiwasi wote unamtoka.

## Mtu mzima anakuja na umri wake

Tunaambiwa tumechelewa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliohusu Kiingereza, wenye washiriki karibu 670,000, ulikadiria kwamba uwezo wa kunyonya sarufi ya lugha mpya hubaki juu mpaka miaka 17 hivi, kisha hushuka. Sina sababu ya kubisha. Kuna makosa ya por na para, ambazo zote huweza kumaanisha "kwa", ambayo huenda nitazeeka nayo.

Lakini tazama simu ile. Mtoto wa miaka saba wa Medellín ana Kihispania ambacho sitakipata kamwe, masikio na ulimi. Angepokea simu hiyo angesema nini? Mimi nimeshafiwa. Najua kwamba aliyefiwa hataki mashauri, anataka nafasi ya kusimulia. Najua wakati wa kuuliza "¿y qué ponía en la radio?", alikuwa akiweka nini redioni, na wakati wa kutouliza. Maarifa hayo sikuyasoma kwenye Kihispania, nilikuja nayo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mtu mzima aanze kama mtoto mchanga. Mtu mzima ana utu kamili unaosubiri kupita, na uchungu wa kujifunza ukubwani ni kuuona utu huo ukipita kwenye tundu dogo: mtu mwenye busara anaonekana mjinga, mcheshi anaonekana baridi. Wengi huacha hapo, na si kwa uvivu. Wanaacha kwa sababu wamechoka kukutana na watu wakiwa nusu yao.

Kwangu mimi ufasaha ulianza siku tundu lile lilipopanuka kiasi cha kunipitisha nikiwa mzima. Sentensi zangu kwenye simu zilikuwa fupi mno. Mtahini asingepata cha kunipimia. Rafiki yangu alipata mtu wa kuongea naye.

Kuhusu vos, nimeamua kuipokea bila kuirudisha. Yeye akinipa vos, mimi najibu kwa tú, ambayo ndiyo sauti ninayojisikia mwenyewe nikiitumia. Watu wa Medellín wenyewe huchanganya vos, tú na usted ndani ya nyumba moja, kwa hiyo sivunji kitu. Na sijamuuliza kwa nini alibadili. Nikimuuliza ataanza kujisikiliza.

## Wakiwa wanne

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba nimefika.

Mtu mmoja na mimi, hata kwenye simu yenye kelele, sawa. Nipe watu wanne walioelewana tangu utotoni na hali inageuka. Mmoja anaanza, mwingine anamalizia, wa tatu anacheka kabla ya neno la mwisho kwa sababu analijua. Taabu hapo hairudi kwangu peke yangu: ninamwona mmojawao akigeuka kunieleza, na katika kunieleza amekosa mzaha uliofuata. Kwa kipimo kile cha upande wowote, mimi kwenye kundi bado si fasaha, na nalisema wazi kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa fasaha saa nne asubuhi na asiwe fasaha saa moja jioni ya siku hiyo hiyo, lugha ikiwa ile ile.

Pia inategemea wanne hao wanatoka wapi. Wakiwa wa Bogotá nina nafuu, konsonanti zao zimesimama. Wakiwa wa Karibi, s ya mwisho wa silabi inageuka pumzi au inatoweka, para inakuwa pa, estamos inasikika ehtamo, na wingi wote niliozoea kuushika kwenye s hauna pa kushikwa. Inabidi niusikie kwenye kitenzi au kwenye los, lile neno linalotangulia nomino za wingi, iliyobaki nusu.

Kwa hiyo nimeacha kutafuta mtihani wa C1 kwa sasa. Mpango wangu ni wa masikio. Nachukua dakika chache za redio ya Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika kule Karibi, vipindi vya mazungumzo na si taarifa ya habari, na kuandika kila ninachosikia, nikirudia mpaka s zisizotamkwa zianze kujitokeza zenyewe. Kipande cha kwanza kilinila jioni nzima na kilikuwa cha mtangazaji mmoja. Kilichofuata kina mtangazaji na msikilizaji aliyepiga simu, wanabishana kuhusu mchezo wa besiboli, na kuna mahali wote wawili wanasema kwa pamoja. Hapo bado nimeweka alama ya kuuliza.